Nyonga Niliyoipa Nne

Kama na wewe uko kwenye foleni ya kubadilishiwa nyonga katika mji huu wa Toronto, vuta kiti nikwambie jambo ambalo mimi hakuna aliyeniambia. Wakikuuliza unaumwa kiasi gani, usijibu kama ulivyolelewa. Mimi nilijibu kama nilivyolelewa. Leo natembea, namshukuru Mungu, lakini nachechemea, na kupiga magoti ndiyo basi tena.

Nimelelewa Korogwe, na bibi ambaye hakuwahi kuugua mbele za watu. Anaweza kuwa na homa inayotikisa kitanda, lakini mgeni akipiga hodi atajiinua, atajifunga kanga vizuri, na maamkizi yataanza. Habari za hapa? Nzuri. Mmeamkaje? Salama tu. Watoto? Hawajambo. Mpaka mgeni atulie, aulize tena, "Na wewe mwenyewe, bibi?" Hapo ndipo atasema, "Alhamdulillahi, ila siku mbili hizi chakula hakipiti." Kwetu ukweli hautolewi mlangoni. Kwanza unasema nzuri, halafu anayetaka kujua anauliza tena.

Nyonga ya kushoto ilianza kunikorofisha jikoni. Mimi ni mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee, si mbali na Crescent Town tunakoishi, na kazi yangu yote ni ya kusimama. Mwanzo ilinichoma nikigeuka ghafla na sufuria. Halafu ikanichoma nikipanda ngazi, halafu nikishuka, halafu nikiwa nimelala tu sijafanya kosa lolote. Theluji ya mwaka ule ilipoyeyuka nilikuwa siwezi tena kufikia vidole vyangu vya miguu. Mume wangu, Baba Nuru, akawa ananivalisha soksi kila asubuhi. Huyu ni mtu ambaye kwao Pangani hajawahi kujimiminia hata maji ya kunywa. Alinivalisha huku anatazama dirishani, ili ionekane soksi zinavaa zenyewe.

Kilichoniuma kuliko kuumwa kwenyewe ni swala. Nilianza kuswali nimekaa kwenye kiti, nainamisha kichwa tu, na kila nilipofika kwenye sijida niliutazama mswala kule chini kama nyumba ya jirani niliyegombana naye. Nilijiambia ni kwa muda. Nikishabadilishiwa nyonga, paji langu litagusa chini tena. Hilo ndilo nililolitaka. Wengine walitaka kurudi kucheza gofu. Mimi nilitaka sijida yangu.

Daktari bingwa wa mifupa aliangalia picha, akasema mfupa umesagika, nitaingia kwenye foleni ya hospitali, na nesi atakuwa ananipigia simu kujua hali yangu. Akapiga kweli. Nilikuwa kazini, mwiko mkononi.

"Habari yako leo?"

"Nzuri, namshukuru Mungu."

"Na maumivu? Kuanzia sifuri hadi kumi, ambapo kumi ni maumivu makubwa kuliko yote unayoweza kuyafikiria."

Nikafikiri, kwa sababu kaniambia nifikirie. Kumi ni ya mtu anayesomewa Yasini. Tisa ni ya mwanamke aliye kwenye uchungu na mtoto katanguliza miguu. Nane, mtu aliyeungua na mafuta. Mimi hapa nimesimama, nakoroga uji wa wazee. Nikasema nne.

"Nne," akasema, nikasikia anabonyeza vitufe vyake. "Asante sana. Tutakupigia tena."

Nikabaki na simu sikioni, namsubiri aulize tena. Alikuwa ameshakata.

Siku moja nilikwenda kupigwa picha nyingine. Chumba cha kusubiria kilijaa mpaka watu wamesimama, na pembeni yangu alikaa Mzungu mmoja mwenye koti la kuwindia, anakula andazi la sukari. Nesi akapita na kompyuta yake ya mkononi, akamuuliza namba. "Tisa na nusu," akasema yule bwana, akalamba vidole. Nilimcheka moyoni. Nilipofika nyumbani nikamsimulia binti yangu Nuru, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri ila akifungua mdomo kinatoka Kiingereza. Hakucheka.

"Mama, say ten. Everybody says ten."

"Nitasemaje kumi na mimi nimerudi kwa miguu kutoka stesheni?"

"Mama, please."

"Kumi ni ya anayekata roho, Nuru. Nitajitabiria kifo kwa sababu ya foleni?"

Yule bwana wa andazi nasikia alifanyiwa upasuaji kabla ya majani kudondoka.

Mwaka huohuo ulikuwa wa uchaguzi wa jimbo. Mgombea wa chama tawala alikuja kwenye ukumbi ulio chini ya maghorofa yetu, na Baba Nuru alikuwa mstari wa mbele kupanga viti. Yule mgombea alisema foleni za hospitali zimewachosha wananchi, kwa hiyo serikali itaziruhusu kliniki za watu binafsi kubadilisha nyonga na magoti na kutoa mtoto wa jicho. Wewe unaonyesha kadi yako ya afya tu, serikali inalipa. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, nimekaa kwenye kiti cha mbele nilichowekewa na mume wangu kwa sababu ya mguu.

Nyuma kabisa akasimama Zena, mdogo wangu wa mwisho, nesi wa chumba cha upasuaji katika hospitali hiyohiyo niliyokuwa nasubiri. Alikuwa ametoka zamu, bado na viatu vyake vya kazini.

"Naomba kuuliza. Manesi wa hizo kliniki mtawatoa wapi?"

Mgombea akatabasamu, akasema hilo ni swali zuri sana, akamnyooshea mkono mtu mwingine.

Mjadala ukahamia sebuleni kwangu na haukutoka tena. Kila Jumapili Zena alikuja kula, na kila Jumapili yeye na shemeji yake walianza kabla wali haujapoa.

"Dada yako anatembea kama kaa," anasema Baba Nuru, "na wewe unapinga kliniki. Wewe unatetea chama chako cha wafanyakazi tu."

"Shemeji, nesi haoti kama mchicha. Ukimpeleka kliniki, huku amepungua."

"Serikali haina hela za kumwaga kwenye hospitali."

"Ila ina hela za kumlipa mwenye kliniki. Mfuko si ni uleule, Shemeji? Kodi si ni ileile unayokatwa wewe?"

Mimi nilikuwa upande wa yeyote atakayeninyoosha mguu. Nilimpenda mdogo wangu na niliitamani kliniki ya mume wangu, yote kwa pamoja. Siku Zena na wenzake walipokwenda kusimama na mabango mbele ya Bunge la jimbo, baridi inakata masikio, nilimfungia chapati na chupa ya chai ya tangawizi. Alipita kuzichukua asubuhi. Macho yalikuwa yameingia ndani.

"Habari za kazi?" nikamuuliza.

"Nzuri tu, dada."

Nikaanza kumwambia habari za mguu wangu. Nakumbuka vizuri kwamba nilianza kumwambia habari za mguu wangu.

Chama tawala kikashinda, na kliniki ikafunguliwa Richmond Hill, nje kidogo ya Toronto. Baba Nuru akanipeleka mwenyewe, kavaa shati la Idi. Palikuwa pazuri, siwezi kudanganya. Viti laini, kahawa, na hakuna mtu aliyesimama. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Alisoma vipimo vyangu vyote, akakunja mikono.

"Mama, una sukari, una presha, na uzito wako ni mkubwa kidogo. Sisi hapa hatuna wodi ya mahututi. Likitokea lolote itabidi tuite gari la wagonjwa. Wewe ni mtu wa hospitali."

"Kwa hiyo hapa mnawapokea kina nani?"

"Wagonjwa wenye afya," akasema, na wala hakuwa anatania.

Nimechambua mchele maisha yangu yote. Siku ile ndiyo nilijua kokoto inavyojisikia. Kwenye gari Baba Nuru hakuwasha hata redio. Kabla hatujafika nyumbani akasema, "Labda baadaye wataongeza wodi," na mimi nikamwambia, "Labda," kwa sababu nilimwonea huruma na shati lake.

Nikarudi kwenye foleni ya hospitali, ambayo sasa ilikuwa yetu sisi kokoto. Nesi wa simu akapiga, nikajikaza nikasema tano, nikaona nimetia chumvi kupita kiasi. Wakati huo nilikuwa nimeacha kazi. Nilikuwa natembelea fremu ya chuma, mguu wa kushoto umeanza kuwa mfupi, na paja limesinyaa mpaka sketi zinaning'inia upande mmoja. Hatimaye Nuru aliipokonya ile simu mikononi mwangu akawaambia nane, kwa sauti ya mtu anayegombana na benki. Nilimnunia siku nzima. Tarehe ikapatikana, baada ya mwezi wa Ramadhani, theluji ikiisha.

Asubuhi ya upasuaji nilikuwa nimefunga tangu jana yake. Wakanivisha lile gauni lisilo na mgongo na kofia ya karatasi, wakanilaza kwenye machela. Daktari akachora mshale kwa kalamu juu ya paja langu la kushoto, wasije wakakosea. Baba Nuru akapewa mfuko wa nguo zangu. Nilisoma kila sura niijuayo. Nilikuwa na amani, nilijua Zena yumo humo ndani, labda ndiye atakayenishika mkono wakati wa dawa ya usingizi. Hakuwa amekuja kula Jumapili mbili zilizopita, akasema kabanwa.

Tukasubiri. Machela za wenzangu zikasukumwa, nyingine zikapita zinarudi. Mchana daktari akaja, kofia ameivua, na nikajua kabla hajasema.

"Samahani sana. Leo haitawezekana. Chumba kipo, mimi nipo, manesi wa upasuaji hawatoshi. Tumepoteza wazoefu kadhaa, na mmoja wa waliobaki anaumwa."

"Zena je?" nikauliza. "Ni mdogo wangu. Anafanya kazi hapa."

Daktari akamtazama nesi kijana aliyekuwa nyuma yake. Yule binti akawa mwekundu.

"Zena ameondoka, mama. Yuko kliniki ya Richmond Hill. Nilidhani unajua."

Nilimpigia simu nikiwa bado na lile gauni. Haikupatikana. Nikapiga tena na tena, Baba Nuru ananivalisha soksi zangu. Jioni, tunakaribia kula, Zena akapiga mwenyewe.

"Dada, nisikilize kwanza."

"Nikusikilize nini? Nimelazwa kwenye machela kutwa nzima nakungoja wewe. Mabango yote yale, chapati zangu zote zile, kumbe ulikuwa unatafuta njia ya kwenda kwa walewale walionikataa! Mimi niliyekubeba mgongoni, Zena. Mgongo huu huu."

"Dada..."

Nikakata simu. Baba Nuru, kwenye kochi, akaachia kicheko. "Kumbe nesi anaota kama mchicha," akasema. Ningeweza kumnyamazisha. Ninamnyamazisha kwa makosa madogo kuliko hayo. Lakini nilimwacha acheke kwa sababu nilitaka mtu amseme vibaya mdogo wangu, na mimi nilikuwa nimeishiwa pumzi.

Hatukusemezana majira yote ya joto. Watu wa msikitini walijaribu kutusuluhisha mara mbili, nikakataa mara zote mbili. Alinitumia ujumbe wa Idi ya kuchinja, sikujibu. Nasema haya kwako wewe uliye kwenye foleni: maumivu ya muda mrefu yanamfanya mtu awe mbinafsi. Unaona dunia nzima inakuzunguka wewe na kiungo chako. Hakuna daktari atakayekuonya kuhusu hilo.

Nilifanyiwa upasuaji majani yalipokuwa mekundu. Ulikwenda vizuri, kwa kadiri ulivyoweza kwenda. Daktari alikuja wodini, akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo hawalifanyi. Akasema mfupa ulikuwa umelika sana na misuli imejikunja, mguu utabaki mfupi kidogo, na nisijaribu tena kupiga magoti wala kuinama mpaka chini, nyonga inaweza kuchomoka.

"Kama tungekupata mapema," akasema.

Nilitaka kumwambia nilikuwepo muda wote. Namba yangu ya simu haikubadilika. Badala yake nikasema asante, daktari. Alipotoka nikageukia ukutani, nikalia kwa ajili ya sijida yangu kama mtu aliyefiwa.

Mchana ule alikuja nesi Mkongo, mama wa makamo mwenye miguu mizito. Alisoma jina langu, akaacha Kiingereza palepale.

"Mama, uko unajisikia namna gani?"

"Nzuri tu, namshukuru Mungu."

Wengine wote walikuwa wakipewa hilo jibu wanaandika na kuondoka. Yeye hakuandika. Akanyoosha shuka, akasogeza mto, akavuta kiti.

"Hapana, Mama. Ile muzuri ni ya kusalimia. Sasa niambie ya kweli."

Nilipasuka kwa kilio mpaka wa kitanda cha pili akafunua pazia. Nikamwambia nane. Halafu nikamwambia tisa. Akanishika bega, akaniletea dawa, na kwa mara ya kwanza tangu nyonga ianze nikalala mchana nikiwa sina chochote kinachoniuma.

Nilipoamka, dirishani kulikuwa bado na mwanga, na kitu kimoja kilikuwa kimekaa kifuani pangu. Habari za kazi? Nzuri tu, dada. Mimi niliyekuwa namlaumu nesi wa simu kwa kutouliza mara ya pili, nilimwona mdogo wangu macho yameingia ndani, nikamuuliza mara moja, mlangoni, nikampa chapati, nikaanza habari za mguu wangu. Na yeye kalelewa na bibi yuleyule.

Majira ya baridi yote nilijifunza kutembea. Hatua kutoka kitandani hadi chooni, kisha hadi kwenye lifti, kisha ile njia ya juu, daraja la waenda kwa miguu linalokwenda stesheni, nikimpisha kila mtu. Baba Nuru alitembea pembeni yangu na kofia yake ya sufi, siku hizi hatazami tena dirishani akinivalisha soksi. Siku moja, kainama kwenye mguu wangu, akasema, "Nilikosea kumcheka Zena." Nikamwambia tulikosea wawili. Hatujazungumza tena habari za chama.

Idi ilipoingia, Nuru akanipeleka Richmond Hill, ambako Zena amehamia ili awe karibu na kazi. Sikuwa nimemwambia nakuja. Alifungua mlango, akautazama mkongojo wangu, kisha mguu, kisha mimi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Idi mubarak."

Akanikaribisha. Adhuhuri ilikuwa imeingia, na ni rahisi kuswali kuliko kuongea, kwa hiyo tuliswali. Alitandika mswala wake, na bila kuulizwa akaniletea kiti cha mezani akakiweka sambamba na bega lake. Alipokwenda kwenye sijida mimi nikainamisha kichwa pale nilipofikia. Nikamwona chini yangu, mdogo wangu, nyayo zake zimepasuka kama za mtu wa shamba, vifundo vimevimba. Karibu mwaka mzima anafanya kazi ya kliniki, inayoisha mchana, na miguu bado haijaisamehe ile ya hospitali.

Tukatoa salamu. Nuru akaenda kuchemsha chai. Zena akabaki palepale kwenye mswala, miguu kaikunja, mimi kwenye kiti.

"Habari za kazi?" nikamuuliza.

"Nzuri tu, dada."

Nikangoja. Nikauweka mkongojo sakafuni, nisionekane nataka kuinuka.

"Na wewe mwenyewe, Zena?"

Akavuta uzi uliochomoza pindoni, akauzungusha kidoleni. Kisha akaanza kuongea huku ameuangalia mswala. Zamu mbili kwa siku moja. Likizo iliyokataliwa kila alipoiomba. Siku aliyoangusha mkasi chumba cha upasuaji kwa sababu alisinzia akiwa amesimama, na mgonjwa yuko wazi mezani. Alisema aliogopa ataua mtu. Alisema alikusudia kuniambia kila Jumapili, na kila Jumapili nilikuwa naumwa.

"Ile siku waliyokurudisha," akasema, "kliniki walinipa siku ya mapumziko. Nililala, dada. Nilizima simu nikalala toka asubuhi mpaka jioni, sijawahi kulala hivyo tangu nije nchi hii. Nikaamka nimepona. Nilikaa kitandani nacheka peke yangu, najisikia mzima. Halafu nikawasha simu, nikaona umenipigia."